Taa ya Kumi na Saba

Mimi ni fundi wa taa za njia ya kurukia,
upande wa jengo la zamani, Kipawa.
Nikiulizwa kama serikali inahitaji ndege yake,
watu hudhani jibu ninalo mfukoni,
pamoja na bisibisi na tepu nyeusi.
Sina. Nina taa,
na ya kumi na saba haipatani na mvua.

Jumanne ya juzi nilikaa TAZARA dakika hamsini na tano.
Barabara imefungwa, mkubwa anapita.
Mbele yangu Shamte wa barafu na guta lake,
mabonge manne yanalia chini ya magunia,
maji yanaufuata mfereji kana kwamba wana miadi.
Shamte hakutukana. Alisema:
"Wapeni ndege hawa. Wapeni mbili.
Waruke huko juu na ving'ora vyao,
sisi watuachie lami."
Tukacheka, na trafiki naye akacheka,
kicheko cha watu ambao saa hiyo itakatwa kwenye ujira.

Nikasema moyoni, Shamte, umemaliza.
Kumbe.

Maana helikopta nayo ina miguu,
na miguu inataka pa kukanyaga.
Walikuja Kiwalani na kamba na chokaa,
wakaupima uwanja wa shule,
wakang'oa goli la kusini,
wakachora H nyeupe palepale kwenye nukta ya penalti.
Mwalimu Senzota akaambiwa awaagize watoto ndoo:
mwageni maji, vumbi lisimpate mgeni.
Mgeni akashuka, akakata utepe wa choo cha matundu sita,
dakika kumi na mbili, akapaa.
Mabati mawili ya darasa la tatu yakamfuata
hatua chache, yakakata tamaa.
Watoto bado wanacheza pale, goli moja.
Ile H wanaiita ofisi.
Ukikanyaga ofisi bila ruhusa, faulo.

Ningeishia hapa ningeonekana nina msimamo.

Lakini kuna usiku ule wa masika.
Mto umekula daraja huko kusini,
simu saa nane: washa njia.
Mvua inaipiga lami kama mwenye nyumba anayedai kodi.
Taa kumi na sita zikaitika.
Ya kumi na saba, kimya.
Nikalala kifudifudi majini, tochi mdomoni,
nikiikanda kama mtoto mwenye chango,
na nyuma yangu ndege ileile ya wakubwa,
viti vya ngozi vimeng'olewa, vimepangwa bandani
kama wajumbe waliosahauliwa mkutanoni.
Mahali pao, masanduku ya damu,
na daktari kijana mwenye kandambili,
viatu vyake vimelowa, kaviacha kwenye gari.
Taa ikawaka. Ndege ikaruka.
Nilisikia baadaye kwamba huko walikoshukia
vijana walipanga bodaboda safu mbili,
taa zote zinatazamana.
Ndicho kilikuwa kiwanja.

Usiku ule sikuuliza bei ya mafuta.
Nimekuwa nikiiuliza tangu hapo.

Mchana wake viti vilirudishwa.
Nilisaidia kubeba: vizito ajabu,
kila mkono una kishimo cha kuwekea glasi.
Nati nane kila kiti.
Kuzifunga kulichukua asubuhi nzima, na chai katikati.
Kuzifungua, usiku, robo saa.

Sasa redioni wakibishana, wanunue, wasinunue,
mimi nawaza zile nati:
spana anayo nani,
na ni kilio cha nani kinachomfikia.

Nilimsimulia Shamte yote haya, pale kwenye magunia.
Akasikiliza mpaka mwisho, akachomoa bonge,
akalipima kwa macho, akaniuliza:
"Na siku hiyo barabara ilifungwa?"
Nikasema hapana. Daktari alikuja kwenye foleni kama sisi.
Akatikisa kichwa, sijui kwa lipi.

Wingu limekaa upande wa Pugu.
Naenda kuitazama ya kumi na saba.